Jinsi ya Kutabiri Nafasi Ambazo Timu ya NFL Itazipa Kipaumbele Kwenye Drafti

Kila Aprili, siku chache kabla ya drafti ya NFL, yaani shughuli ambayo klabu za ligi ya futiboli ya Kimarekani huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, mashabiki hurushiana majina: timu hii itamchukua fulani, ile itamchukua fulani. Mengi ya majina hayo huanguka usiku wa kwanza. Mchezaji mmoja akichukuliwa mapema kuliko ilivyodhaniwa, orodha nzima iliyo chini yake inavurugika. Nafasi uwanjani ni habari nyingine. Ukiwa umejua kwamba timu inatafuta mtu wa kumlinda kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, upande wa kushoto, utabaki sahihi hata kama kijana uliyemdhania ameshachukuliwa na timu ya jirani.

Kwa hiyo hapa tunatabiri nafasi, majina tunawaachia wengine. Na msingi wa kazi nzima ni huu: soma mikataba kabla ya kusoma matokeo. Kidonda cha msimu uliopita kila mtu anakiona. Mara nyingi klabu imeshakifunga kwa pesa mwezi Machi, na ikifika Aprili meneja mkuu anaangalia pengo litakalofunguka mwakani, wakati mashabiki bado wanazungumzia lile la mwaka jana.

Kwa anayeanza kufuatilia: drafti ina raundi 7, timu ni 32, na shughuli huchukua siku tatu mwishoni mwa Aprili: raundi ya kwanza Alhamisi, ya pili na ya tatu Ijumaa, zilizobaki Jumamosi. Timu iliyomaliza vibaya kuliko zote huchagua ya kwanza na bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, huchagua wa mwisho, isipokuwa pale timu zinapobadilishana zamu. Anayechaguliwa husaini mkataba wa miaka 4, na tangu makubaliano ya mwaka 2011 mshahara wake hutegemea zamu aliyochaguliwa, si nafasi anayocheza. Wa raundi ya kwanza ana nyongeza: klabu ikitaka, inaweza kumshikilia kwa mwaka wa 5. Weka namba hizo mbili kichwani, 4 na 5, kwa sababu tutazirudia.

Maneno nitakayotumia ni haya. Upande wa ushambuliaji kuna kwotabeki, mkimbiaji anayebeba mpira, wapokeaji wanaodaka pasi, taiti-endi anayedaka pasi na kuzuia wapinzani, na safu ya mbele yenye watu watano: takeli wawili pembeni, gadi wawili, na senta katikati. Upande wa ulinzi kuna wasakaji wa pembeni, ambao kazi yao ni kumfukuzia kwotabeki, wazito wa kati, lainibeki wanaosimama nyuma ya safu hiyo, konabeki wanaokaa na wapokeaji, na sefti wanaolinda nyuma.

Hatua ya 1: Panga kikosi kwa miaka ya mikataba

Chukua karatasi au fungua jedwali kwenye simu. Andika wachezaji 11 wanaoanza kwenye ushambuliaji na 11 wa ulinzi, kisha ongeza mpokeaji wa tatu na konabeki wa tatu, maana siku hizi hao nao wanacheza kama wanaoanza. Mbele ya kila jina weka vitu vitatu: umri atakaokuwa nao Septemba, mwaka mkataba wake unapokwisha, na kama bado ana fedha zilizodhaminiwa, yaani zile klabu lazima izilipe hata ikimwacha, baada ya msimu ujao. Tovuti za OverTheCap na Spotrac zina habari hizi zote bila malipo.

Safu ya fedha zilizodhaminiwa ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayosema ukweli. Mchezaji anaweza kuwa na mkataba unaosomeka hadi 2028, lakini kama dhamana yake inaisha msimu huu, klabu inaweza kumwacha Machi ijayo bila maumivu makubwa. Kwenye jedwali lako, mtu huyo mhesabu kama amebakiza mwaka mmoja.

Kwa vijana kuna hesabu ya haraka. Chukua mwaka wa drafti inayokuja, toa 3. Waliochaguliwa mwaka huo nje ya raundi ya kwanza wanaingia msimu wao wa mwisho wa mkataba. Kwa drafti ya 2026 ni kundi la 2023. Nafasi ambayo wachezaji wake wawili au watatu wametoka kwenye kundi hilo ina hatari ya kubaki tupu kwa mkupuo mmoja, hata kama leo inaonekana imejaa.

Umri nao usiuhukumu kwa kipimo kimoja. Mkimbiaji akikaribia miaka 28 klabu huanza kumtafutia mrithi, ilhali takeli mzuri au kwotabeki anaweza kufika 35 akiwa bado anategemewa. Steelers walimchukua Derrick Harmon, mzito wa kati, katika raundi ya kwanza ya 2025 wakati Cameron Heyward bado ni mhimili wao, lakini Heyward alizaliwa 1989 na kila mtu ndani ya jengo lile anajua kuhesabu. Wakati mwingine mchezaji mwenyewe anakufanyia kazi. Aaron Donald, mzito wa kati wa Rams, alitangaza kustaafu Machi 2024, na mwezi uliofuata Rams wakatumia raundi ya kwanza kwa Jared Verse na ya pili kwa Braden Fiske, wote wawili watu wa safu ya mbele ya ulinzi kutoka chuo cha Florida State.

Hatua ya 2: Fuatilia Machi kama unavyofuatilia Aprili

Soko la wachezaji huru, waliomaliza mikataba yao, hufunguliwa katikati ya Machi. Hapo ndipo utabiri wa Aprili unapopatikana au kupotea, kwa hiyo kaa nalo kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Tazama Patriots wa 2025. Walikuwa na kocha mpya, Mike Vrabel, pesa nyingi chini ya kikomo cha mishahara (kiasi cha juu ambacho ligi inairuhusu kila timu kulipa), na kikosi chenye matundu kila kona. Machi wakamsajili Milton Williams kwa ajili ya katikati ya ulinzi, Carlton Davis konabeki, Robert Spillane lainibeki, Harold Landry msakaji wa pembeni, Morgan Moses takeli wa kulia, na Stefon Diggs mpokeaji. Baada ya usajili huo wote, nafasi kubwa iliyobaki wazi ilikuwa moja: takeli wa kushoto, mlinzi wa mgongo wa kwotabeki kijana Drake Maye. Zamu yao ya 4 ilipofika wakamchukua Will Campbell wa chuo cha LSU. Aliyesoma Machi hakuhitaji habari za ndani.

Sasa linganisha na Bears wa mwaka huohuo. Kwotabeki wao Caleb Williams alikuwa ameangushwa na mpira mkononi mara 68 katika msimu wake wa kwanza. Ukisoma matokeo peke yake, unasema chaguo lao namba 10 lazima liwe mtu wa safu ya mbele. Lakini Machi walikuwa wameshamleta Joe Thuney kutoka Chiefs na Jonah Jackson kutoka Rams kwa kubadilishana, wakamsajili na senta Drew Dalman. Gadi wawili na senta, watatu wa katikati, wote wapya kwa mpigo mmoja. Kidonda kilikuwa kimefungwa bandeji. Zamu ya 10 wakamchukua taiti-endi Colston Loveland, raundi ya pili mpokeaji Luther Burden, na ndipo baadaye katika raundi hiyohiyo ya pili wakachukua takeli, Ozzy Trapilo. Takeli ilikuwa sehemu ya safu ambayo Machi haikuimaliza, na ndiyo pekee ya safu hiyo waliyoigusa mapema.

Chiefs wa 2021 ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu pengo lao lilizibwa kwa chaguo lenyewe la drafti. Februari mwaka huo walipigwa na Buccaneers 31-9 kwenye Super Bowl, huku kwotabeki wao Patrick Mahomes akikimbia huku na huko kuokoa maisha. Machi wakawaacha takeli wao wote wawili, Eric Fisher na Mitchell Schwartz. Kila utabiri ukasema: raundi ya kwanza, takeli. Kabla ya drafti wakaipeleka zamu yao ya raundi ya kwanza kwa Ravens ili kumpata takeli Orlando Brown Jr. Aliyekuwa hajasasisha jedwali lake wiki ya mwisho alibaki anasubiri takeli asiyekuja. Ndiyo maana nasema jedwali lifungwe asubuhi ya drafti, si mapema.

Usajili wa Machi, hata hivyo, haufungi nafasi kwa uzito uleule kila mara. Pima urefu wa mkataba na umri wa aliyesajiliwa. Chargers walimsajili mkimbiaji Najee Harris mwaka 2025 kwa mwaka mmoja, na bado wakamchagua mkimbiaji mwingine, Omarion Hampton, katika zamu ya 22. Mkataba wa mwaka mmoja ni wa kuvukia mto, haupaswi kukufanya uifute nafasi. Falcons wa 2024 walikwenda mbali zaidi: walimpa kwotabeki Kirk Cousins mkataba wa miaka 4, na wiki chache baadaye wakatumia zamu ya 8 kumchukua kwotabeki Michael Penix Jr. Ligi nzima ilishtuka. Lakini Cousins alikuwa anakaribia miaka 36 na ametoka kuchanika mshipa wa kisigino. Ukimkuta mtu wa namna hiyo kwenye jedwali lako, iache nafasi yake wazi angalau nusu, mkataba uwe mkubwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Weka bei kwenye kila nafasi

Timu inaweza kuwa na uhitaji wa aina moja kwenye nafasi mbili na bado isizitendee sawa. Sababu ni bei ya soko.

Machi 2025 mpokeaji Ja'Marr Chase alisaini mkataba wenye wastani wa dola milioni 40.25 kwa mwaka. Mwezi huohuo Saquon Barkley alikuwa mkimbiaji anayelipwa zaidi katika ligi, kwa wastani wa takribani dola milioni 20.6. Mpokeaji bora anagharimu karibu mara mbili ya mkimbiaji bora. Lakini kwenye drafti, kijana wa zamu ya 6 analipwa kiasi kilekile awe mpokeaji au mkimbiaji. Ukiotea mpokeaji hodari, umeokoa fedha nyingi kwa miaka 4. Ukiotea mkimbiaji hodari, umeokoa kidogo. Kikomo cha mishahara cha 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa timu, na katika hesabu kali kama hiyo kila milioni inatafutiwa mahali.

Kutokana na hilo, nafasi zinazobeba raundi ya kwanza ni kwotabeki, takeli, msakaji wa pembeni, mpokeaji na konabeki. Mzito wa kati anayeweza kumfikia kwotabeki ameingia kundi hilo. Mkimbiaji, sefti, lainibeki wa ndani, gadi na taiti-endi kwa kawaida husubiri. Mwaka 2022 na 2024 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Tofauti zipo: Ashton Jeanty alikwenda kwa Raiders zamu ya 6 mwaka 2025, na Bijan Robinson kwa Falcons zamu ya 8 mwaka 2023. Ili umweke mkimbiaji juu kiasi hicho, mambo mawili yawe kweli kwa pamoja: kipaji kisicho na ubishi, na timu ambayo jedwali lake kwenye nafasi hiyo ni tupu kabisa.

Jambo moja dogo kuhusu gadi. Ligi ikipanga kiwango cha fedha cha kumzuia mchezaji asiondoke, huweka safu nzima ya mbele kwenye kapu moja, gadi na takeli pamoja. Kumshikilia gadi kwa njia hiyo kunagharimu bei ya takeli. Kwa hiyo gadi mzuri akikaribia kumaliza mkataba, klabu inabanwa zaidi kuliko unavyodhani, na raundi ya pili na ya tatu ni mahali pa kuanza kumtafuta mrithi.

Hatua ya 4: Jua nani anashika kalamu

Kocha mpya huja na macho mapya. Chargers wa 2024 walikuwa wamewapoteza wapokeaji wao wawili wakubwa Machi: Keenan Allen aliuzwa, Mike Williams akaachwa. Walikuwa na zamu ya 5, na mpokeaji Malik Nabers alikuwa bado hajachukuliwa. Lakini kocha mpya alikuwa Jim Harbaugh, mtu aliyejenga timu zake zote kuanzia safu ya mbele. Wakamchukua takeli Joe Alt, ilhali takeli wa kushoto Rashawn Slater alikuwepo. Alt akahamishiwa kulia. Mpokeaji, Ladd McConkey, alikuja raundi ya pili. Jedwali peke yake lingekuangusha hapo. Jina la kocha lingekuokoa.

Mfano mkali kuliko wote ni Cardinals. Mwaka 2018 walitumia zamu ya 10 kwa kwotabeki Josh Rosen. Kocha alifukuzwa baada ya msimu mmoja, akaja Kliff Kingsbury na mfumo wake, na Aprili 2019 zamu ya kwanza kabisa ikaenda kwa kwotabeki mwingine, Kyler Murray. Rosen akauzwa kwa Dolphins katika drafti hiyohiyo. Benchi la ufundi likibadilika, usimhesabu kijana wa utawala uliopita kama nguzo mpaka watu wapya waseme hivyo kwa pesa au kwa vitendo.

Mameneja wakuu nao wana tabia, na tabia huonekana ukirudi nyuma miaka mitano hadi kumi. Eagles chini ya Howie Roseman wamekuwa wakirudi kwenye safu za mbele: Lane Johnson 2013, Jordan Davis 2022, Jalen Carter 2023. Lainibeki wa ndani hawakuwa wamemchukua raundi ya kwanza tangu Jerry Robinson mwaka 1979, na kwa miongo mingi mtabiri aliyewapa lainibeki usiku wa kwanza alikuwa anapoteza karatasi. Kisha 2025 wakamchukua Jihaad Campbell. Tabia ya klabu ni uzito kwenye mizani, si sheria. Mimi huipa nguvu ya kutosha kushusha nafasi kwa ngazi moja, kamwe siifuti.

Kuna pia klabu zinazomchukua mchezaji bora aliyebaki, bila kujali jedwali. Ravens walijijengea jina hilo kwenye drafti yao ya kwanza, 1996: watu walitarajia mkimbiaji, wao wakamchukua takeli Jonathan Ogden zamu ya 4, kisha lainibeki Ray Lewis zamu ya 26. Wote wawili wako kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Kwa klabu za aina hii punguza uhakika wako raundi ya kwanza, urudishe raundi ya tatu.

Hatua ya 5: Pima kina cha kundi la mwaka huo

Uhitaji wa timu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kilichopo sokoni. Mwaka 2022 timu kadhaa zilikuwa na njaa ya kwotabeki, lakini kundi lilikuwa dhaifu: mmoja tu alichaguliwa raundi ya kwanza, Kenny Pickett zamu ya 20, na wa pili akasubiri hadi raundi ya tatu. Miaka miwili baadaye kwotabeki 6 walikwenda ndani ya zamu 12 za kwanza, na wachezaji 14 wa kwanza wote walikuwa wa ushambuliaji. Wapokeaji 7 walichaguliwa raundi ile ya kwanza ya 2024. Uhitaji wa timu haukubadilika kiasi hicho ndani ya miaka miwili. Kilichobadilika ni bidhaa.

Swali la kujiuliza ni hili: kati ya zamu ya kwanza ya timu yangu na ya pili, nafasi ipi itakwisha? Kama timu inahitaji takeli na mpokeaji, na takeli wa kuaminika mwaka huo ni wanne tu ilhali wapokeaji wazuri ni wengi hadi raundi ya tatu, takeli anatangulia. Chora mstari kwenye orodha ya wachezaji kila mahali unapoona ubora unashuka ghafla. Mistari hiyo ndiyo inayoamua mpangilio.

Hapa pia kumbuka Bengals wa 2021. Kwotabeki wao Joe Burrow alikuwa ameumia goti vibaya Novemba 2020, na takeli Penei Sewell alikuwepo zamu ya 5. Wao wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase, aliyecheza na Burrow pale LSU. Machi walikuwa wamemsajili takeli Riley Reiff, na raundi ya pili wakachukua mtu mwingine wa safu ya mbele, Jackson Carman. Msimu uleule wakafika Super Bowl. Machi, kina cha kundi na kipaji cha pekee vilikuwa vinaelekeza upande mmoja, na kelele za mashabiki upande mwingine.

Hatua ya 6: Tetesi zitumie mwisho

Kila timu inaruhusiwa kuwaalika wachezaji 30 wa drafti kwenye makao yake. Orodha hizo huvuja. Mwaliko mmoja hauna maana kubwa. Timu nyingine huita mtu ili imchunguze afya, nyingine ili kuwapoteza wapinzani. Kinachosaidia ni kuhesabu kwa nafasi: kama kati ya wageni waliojulikana wengi ni konabeki, na wengi wao ni wa raundi ya pili na ya tatu, hapo umepata dalili ya siku ya Ijumaa. Kauli za meneja mkuu mbele ya waandishi wiki ya drafti zipite. Kauli za kocha mwezi Februari, kabla hajawa na sababu ya kuficha, zina faida zaidi.

Hatua ya 7: Andika utabiri, kwa siku na kwa uzito

Usiandike orodha ya nafasi kumi. Gawa mara tatu: nafasi mbili za raundi ya kwanza, tatu za raundi ya pili na ya tatu, na zilizobaki ambazo timu itajazia Jumamosi. Mbele ya kila moja andika sababu kwa sentensi moja yenye mkataba, umri au jina la mtu ndani yake. Sababu isiyo na mojawapo ya hivyo ni hisia tu, na ishushe ngazi.

Tufanye pamoja Chiefs wa Aprili 2025. Februari walikuwa wamepigwa 40-22 na Eagles kwenye Super Bowl, Mahomes akaangushwa mara 6. Upande wa kushoto wa safu alikuwa anacheza Thuney, gadi aliyesogezwa pembeni kwa sababu vijana waliojaribiwa hapo walishindwa. Machi Thuney akauzwa kwa Bears. Akasajiliwa Jaylon Moore kutoka 49ers, aliyekuwa zaidi mchezaji wa akiba, kwa miaka 2. Miaka 2, mchezaji wa akiba: nafasi iko wazi. Takeli anakwenda juu ya karatasi.

Katikati ya ulinzi, Tershawn Wharton alikwenda Panthers na Derrick Nnadi akaenda Jets, huku Chris Jones akiwa na miaka 30. Mzito wa kati, siku ya pili. Kisha piga hesabu ya kutoa 3: kundi la 2022. Konabeki Jaylen Watson na Joshua Williams, lainibeki Leo Chenal, mkimbiaji Isiah Pacheco, wote walichaguliwa mwaka huo nje ya raundi ya kwanza, wote wanaingia mwaka wa mwisho. Kwa bei ya nafasi, konabeki anapanda kwenda siku ya pili, lainibeki na mkimbiaji wanashuka Jumamosi. Mpokeaji Hollywood Brown ana mwaka mmoja tu. Mpokeaji naye Jumamosi. Msakaji wa pembeni: Charles Omenihu amerudi kwa mwaka mmoja, basi weka siku ya pili.

Haya ndiyo waliyofanya. Raundi ya kwanza, takeli Josh Simmons wa Ohio State, aliyeteremka hadi zamu ya 32 kwa sababu aliumia goti Oktoba. Raundi ya pili, mzito wa kati Omarr Norman-Lott. Ya tatu, msakaji Ashton Gillotte na konabeki Nohl Williams. Ya nne, mpokeaji Jalen Royals. Ya tano, lainibeki Jeffrey Bassa. Ya saba, mkimbiaji Brashard Smith. Si kila timu inasomeka hivi, na kwa nyingi utaridhika ukipata nafasi tatu kati ya tano za mwanzo. Lakini angalia kwamba hakuna hata chaguo moja lililohitaji siri. Yote yalikuwa kwenye mikataba.

Usiku wenyewe na baada yake

Kwa walio Afrika Mashariki, raundi ya kwanza kwa kawaida huanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa, raundi ya pili na ya tatu saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, na zilizobaki saa 1 usiku Jumamosi. Ukichagua usiku mmoja tu wa kukesha, kesha wa pili. Ndio unaoonyesha uhitaji wa kweli wa timu, kwa sababu vipaji visivyo na ubishi vimeshakwisha na kila klabu inarudi kwenye jedwali lake.

Kila raundi ikiisha, weka alama kwenye karatasi yako: nafasi uliyoipata, uliyoikosa, na hatua ipi ilikupotosha. Kukosa kwa sababu ya kocha kunarekebishwa tofauti na kukosa kwa sababu ya Machi.

Halafu usiifunge karatasi Jumamosi. Baada ya raundi ya saba timu huanza mara moja kuwasajili vijana ambao hawakuchaguliwa, na wanaopewa dhamana kubwa huelekeza kwenye nafasi ambazo klabu ilitaka ikakosa. Baada ya Jumatatu inayofuata drafti, wachezaji huru wanaosajiliwa hawaingii tena kwenye hesabu ya zamu za fidia ambazo ligi huzipa timu zilizopoteza wachezaji Machi. Ndiyo maana wakongwe wengi waliokuwa bila klabu hupata mikataba wiki za kwanza za Mei. Kama uliandika kwamba timu inahitaji sefti, ikamaliza raundi 7 bila sefti, kisha ikamsajili sefti wa miaka 31 kwa mwaka mmoja, utabiri wako wa uhitaji ulikuwa sahihi, na nafasi hiyo ihamishie moja kwa moja kwenye jedwali la mwaka unaofuata.